Siku ya Kukagua Gari la Kulala

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 mvua za masika zilinyesha Nairobi kwa nguvu isiyo ya kawaida, na ni katika majuma hayo ambapo mimi na mume wangu tulikuwa tukitafuta gari la kulala lililokwisha kutumika. Tulikuwa na watoto watatu, tulipenda kuizunguka nchi yetu kutoka Naivasha hadi Turkana, na bei za hoteli zilikuwa zimeanza kutuamulia tufike wapi na tuishie wapi. Gari lenye vitanda, jiko na tangi la maji lingetuwezesha kulala kwenye viwanja vya kambi katika hifadhi za wanyama bila kukodi vyumba viwili kila usiku.

Marafiki walitushauri tusubiri mvua ziishe ndipo tuanze kukagua magari. Mjomba wangu, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, alishikilia kinyume chake. "Mwanangu," aliniambia, "gari la kulala likaguliwe likiwa limenyeshewa usiku kucha. Kiangazi kila paa ni zima."

Gari la kwanza halikutuchukua muda. Lilikuwa Land Cruiser ya wasafiri wawili kutoka Ujerumani waliokuwa wamelivusha kutoka kaskazini mwa Afrika na sasa walitaka kurudi kwao kwa ndege. Lilikuwa zuri na bei yake ilikuwa ya chini mno. Hata hivyo, lilikuwa limeingia nchini kwa Carnet de Passages, hati ya forodha inayoruhusu gari kuvuka mpaka bila kulipiwa ushuru kwa sharti kwamba litatoka tena, na umri wake ulikuwa umepita miaka minane, ambayo ndiyo mwisho wa umri wa gari lililotumika linaloruhusiwa kuingizwa na kusajiliwa Kenya. Gari kama hilo haliwezi kupata namba za Kenya hata mnunuzi akiwa tayari kulipa ushuru wote. Tuliwashukuru wenyewe, tukaondoka.

La pili lilikuwa Toyota Coaster, basi dogo lililowahi kubeba watalii kabla mwenyewe hajaling'oa viti na kulijenga upya ndani kwa mbao. Lilikuwa limeegeshwa uani kwa mama mmoja wa Lang'ata ambaye mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Siku moja kabla ya ukaguzi Mjomba alimpigia simu akamwomba mambo matatu: injini isiwashwe asubuhi hiyo, madirisha yasifunguliwe kuingiza hewa, na betri za ndani zisichajiwe usiku. Mama alikubali yote, na hilo lilinipa moyo kabla hata hatujalitia gari machoni.

Tulimpa pole kwa msiba, akatukaribisha kwa chai, kisha akamkabidhi Mjomba ufunguo. "Mzee, kagua kila kitu," alisema. "Baba watoto angekuwa hai angewafungulia mwenyewe hata skrubu."

Mjomba aliingia peke yake kwanza, akafunga mlango nyuma yake na kusimama bila kugusa chochote. Alikuwa akinusa. Alipotuita ndani alitueleza kwamba harufu ya ukungu hupotea baada ya dakika chache za hewa safi, na muuzaji anayelijua tatizo lake hufungua madirisha tangu alfajiri. Mimi niliamini, na bado ninaamini, kwamba maji ndiyo yanayopaswa kumtia hofu mnunuzi wa gari la namna hii kuliko injini. Vipuri vya Coaster vinapatikana Barabara ya Kirinyaga, ambako wengi bado wanaita Grogan, na mafundi wanaoijua injini yake ni wengi mjini. Ukuta uliooza ni habari nyingine. Maji huingia kwenye ufa mdogo wa silikoni juu ya paa, hushuka nyuma ya mbao, hukaa huko miaka mingi bila kuonekana, na siku doa linapojitokeza ndani, plaiwudi nyuma yake huwa imekwisha kulainika. Kulitengeneza kunamlazimu fundi ang'oe kabati, dirisha na nyaya za umeme kabla hajaufikia ubao wenyewe.

Kwa hiyo tulitumia sehemu kubwa ya asubuhi tukitafuta maji. Tulitoa magodoro, tukafungua kila kabati, tukabonyeza kwa kidole gumba pembe za dari, kingo za madirisha, sakafu ya bafu na pale ambapo boliti za paneli za sola zilipita kwenye paa. Mjomba alikuwa ameazima kifaa chenye sindano mbili kinachopima unyevu wa mbao, naye alikichomeka mahali pasipoonekana, ndani ya kabati na chini ya vitanda, huku mume wangu akiandika kila kipimo. Kuta zilikuwa kavu. Ila kandokando ya tundu la hewa la paa, juu ya kitanda cha nyuma, kipimo kilipanda ghafla na ubao ukabonyea. Mjomba alipanda paa na kukuta silikoni imekauka na kupasuka upande mmoja. Kwa kuwa kuoza kulikuwa hakujafika kwenye mbao za kiunzi, alikadiria kwamba fundi seremala angeweza kuondoa kipande hicho cha dari, kukausha, na kuziba upya kwa kama shilingi 50,000. Doa hilo lingekuwa limepakwa rangi mpya tungeondoka mara moja, kwa sababu rangi mpya katika sehemu moja tu ya dari kuukuu huwa imepakwa kwa kusudi. Mama hakuwa amepaka chochote.

Baada ya maji ilifuata gesi, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu marehemu ambaye sikuwahi kumwona. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hukaa chini, sakafuni, mahali pale pale ambapo watoto hulala. Katika magari mengi yaliyojengwa kienyeji mtungi huwekwa chini ya sinki au chini ya kitanda, ndani kabisa. Yeye alikuwa amejenga sanduku la chuma linalofunguliwa kutoka nje tu, lisilo na upenyo wowote wa kuingia chumbani, lenye tundu sakafuni ili gesi inayovuja ishuke barabarani. Tulipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo tangu mtungini hadi jikoni, na hapakutokea kipovu. Mpira ulikuwa mkongwe, tukauweka kwenye orodha ya vitu vya kubadilishwa. Juu ya jiko palikuwa na tundu la hewa lisiloweza kufungwa, na Mjomba alimwonyesha mume wangu kwa kidole akamwonya asije akaliziba kwa sababu ya baridi ya Nyahururu au ya Mlima Kenya, kwa kuwa moto wa gesi katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu usingizini.

Umeme ulikuwa na majibu ya haraka. Betri mbili za ndani, zilizopaswa kuonyesha karibu volti 12.7 zikiwa zimejaa na kutulia, zilionyesha 12.1, na tulipowasha friji na taa zote zilishuka chini ya 11.5 kabla ya nusu saa kuisha. Zilikuwa zimekwisha. Nyaya, kinyume chake, zilikuwa zimepangwa vizuri, kila moja na fyuzi yake.

Mama alituletea faili nene ya stakabadhi, na ndani yake tulikuta karatasi ya mizani kutoka ghala moja la Eneo la Viwandani. Marehemu alikuwa amelipima gari baada ya kulijenga. Ukilinganisha uzito huo na ule wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, zilibaki kilo 620 za kubebea. Watu huona hesabu hii kuwa ya malori, lakini familia yetu ya watu watano ilikaribia kilo 300, tangi la maji la lita 120 lingeongeza kilo 120, na chakula, nguo, mtungi na vifaa vingeigawana sehemu iliyobaki. Ilitosha. Angekuwa amejenga kabati nyingi zaidi isingetosha, na breki na springi ndizo zingelipa.

Kisha tukajilaza vitandani sote, kwa viatu mkononi. Mume wangu ni mrefu, na kitanda kinachomlazimu kukunja magoti humnyima usingizi hata kama mbao zake ni mvule. Kabla ya hapo tulikuwa tumepima lango la kwetu South B na kujua kwamba gari lenye paa lililoinuliwa lisingepita. Hili lingepita, kwa nafasi ndogo.

Injini ilifuata, ikiwa baridi kama tulivyoomba. Ilikuwa 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ileile iliyotumika katika Land Cruiser nyingi. Iliwaka baada ya plagi za kupasha joto kufanya kazi yake, ikatoa moshi mweupe kidogo uliokwisha upesi. Mjomba aliuliza jambo moja tu kuhusu injini hiyo: taimingi belti ilibadilishwa lini? Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Stakabadhi ilikuwepo failini, yenye tarehe na kilomita. Asiye na stakabadhi, Mjomba alisema, achukuliwe kuwa hajaubadilisha, na gharama itolewe kwenye bei.

Chini ya gari aligonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, kwa kuwa Mama alikuwa ametueleza kwamba walikuwa wakienda Diani na Malindi, na chumvi ya pwani hula chuma. Kutu ilikuwa ya juujuu. Matairi ndiyo yaliyotushangaza. Kashata zake zilikuwa nene, mtu angeapa ni mapya, lakini tarakimu nne za mwisho ubavuni zilisomeka 0809, maana yake yalitengenezwa juma la nane la mwaka 2009. Gari la kulala husimama zaidi kuliko linavyotembea, hivyo mpira huzeeka na kupasuka kabla haujalika. Yote sita yalihitaji kubadilishwa.

Mwana wa Mama alituendesha kwa Barabara ya Magadi, tukapita Rongai na Kiserian hadi Kona Baridi, ambako barabara huteremka kuelekea Bonde la Ufa. Tuliteremka kwa gia ya chini tukisikiliza breki, tukageuza gari karibu na Oltepesi, na Mjomba akashika usukani kupanda. Huo ndio mlima aliokuwa akiungoja. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu katika hewa nyepesi ya juu na hutoa moshi mweusi kiasi, na hilo si ugonjwa. Moshi wa bluu ungeonyesha kwamba inaunguza oili. Sindano ya joto ilipanda kidogo ikatulia, kabati hazikulia, na hakuna mlango uliofunguka kwenye kona.

Tuliporudi Lang'ata tulikuwa tumekwisha kulipenda gari, na ndipo tukafika kwenye karatasi. Namba ya chesisi ililingana na ile ya kitabu cha umiliki, na upekuzi wetu katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama inayosajili magari, haukuonyesha deni la benki. Jina la mwenye gari, hata hivyo, lilikuwa la marehemu. Kijana alipendekeza kwa nia njema kwamba tulipe nusu, tuchukue gari, naye angeidhinisha uhamisho kwa kutumia akaunti ya baba yake kwa sababu aliijua nywila.

Nilimjibu mimi mwenyewe, kwa upole niwezao. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu haiuzwi na mtu yeyote kabla mahakama haijampa mamlaka ya kuisimamia, na kuigusa bila mamlaka hayo ni kosa. Mrithi mwingine angeweza kujitokeza na kulidai gari, nasi tungekuwa tumelipa na hatuna haki. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Alisema maombi ya usimamizi wa mirathi yalikuwa yamekubaliwa mwezi wa Februari na kwamba wakili alimweleza asubiri miezi sita kabla ya kuomba mahakama iyathibitishe. "Basi tusubiri, mwanangu," alisema. "Sitaki gari lake liondoke hapa kwa njia za gizani."

Tuliandika makubaliano mafupi mbele ya wakili wake. Bei aliyoitaja ilikuwa shilingi 1,800,000. Tulikubaliana 1,590,000 kwa ajili ya matairi, betri na dari, na kwamba hatungemlipa hata shilingi moja kabla ya hati kuthibitishwa, naye angekuwa huru kumuuzia mwingine wakati huo ukifika iwapo tungebadili nia. Yeye aliomba tu kuziba paa mara moja ili masika yasiendelee kuharibu, na gharama tukaitoa mfukoni mwetu kama sehemu ya makubaliano.

Hati ilithibitishwa mwezi wa Oktoba. Tulirudi Novemba, vuli ikinyesha, na Mjomba akachomeka sindano zake kandokando ya tundu lile la paa mahali patano tofauti. Palikuwa pakavu. Mama alianzisha uhamisho kama msimamizi wa mirathi, jina langu likaonekana katika mfumo, na ndipo tukapeleka fedha benki. Matairi sita tuliyanunua juma hilohilo, na Mjomba hakukubali hata moja lifungwe kabla hajasoma tarakimu zake.