Usiku tuliopwelewa Mkanda

Binti yangu alikitafuna kidonge cha mafuta ya samaki badala ya kukimeza, kikampasukia mdomoni. Mama yake akakimbilia maji. Mimi nilibaki nimeshika kijiko, maana harufu ile ilipotoka tu sikuwa tena jikoni Cape Town. Ilikuwa sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbao za vyombo kule Matondoni, Lamu, yanayoshika kanzu na yasitoke hata uifue mara tatu.

"Baba, yananuka nini haya?" akauliza, ulimi nje.

Nikamwambia yananuka Ami.

Hakuridhika na jibu hilo, na alikuwa na haki. Jioni nikamhadithia. Nanyi nawahadithia, kwa sababu leo ni 12 Desemba, na kila mwaka tarehe hii hunipita kifuani nikanyamaza.

Mwaka 2004 nilirudi Lamu na sanduku moja zito. Mama aliambiwa ni likizo. Ukweli ni kwamba ufadhili wa masomo yangu ulikuwa umekatwa, kwa barua ya mistari minne kutoka ofisi ambayo haikuwahi kuniona uso. Ndani ya sanduku, chini ya nguo, mlikuwa na barua yangu mwenyewe ya kuomba kazi ya kufundisha hesabu. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono na kuiweka sahihi, imebaki tarehe tu. Vitabu vyangu vyote vilikuwa humo pia. Mtu wa likizo habebi vitabu vyake vyote, na aliyelipokea sanduku lile gatini na kulibeba begani hadi nyumbani alikuwa Ami. Hakusema kitu.

Siku chache baadaye akanichukua Pate kuleta nazi. Tulichelewa kurudi, upepo ukalala, na tulipofika Mkanda jua lilikuwa linazama na maji yanakupwa. Wanaopita njia ile wanaijua: ni mkondo mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na maji yakitoka haupiti hata ukiwa nahodha wa namna gani. Yalikuwa maji ya bamvua, yanakimbia. Chombo kikagusa, kikainama kidogo, kikakaa. Tumepwelewa.

Ami hakukasirika. Alichomeka upondo kwenye tope, akautazama mstari wa maji unavyoteremka juu ya mti, akasema, "Hadi saa nane," yaani saa nane za usiku. Kisha akawasha seredani apike kahawa. Kijana tuliyekuwa naye akalala juu ya magunia ya nazi kama aliyelala kwao.

Tuliposwali Isha giza lilikuwa limekamilika. Mfungo Mosi ulikuwa unaishia, mwezi hakuna, taa hakuna, na ule mwanga wa bandari ya Kililana ulikuwa bado haujazaliwa. Nyota zilishuka hadi kwenye vichwa vya mikoko. Kilimia kilikuwa kimepanda vizuri mashariki. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikizitazama nyota kwenye kompyuta, nikizisoma kwa tarakimu, na nikashtuka kuona kwamba nilikuwa nimezikumbuka ndogo kuliko zilivyo.

"Yeo ni Jamhuri," Ami akasema. Akanikumbusha alivyokuwa baharini na jahazi la boriti, kijana, Desemba ya 1970, Wataliano waliporusha chombo cha Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco mbele ya Ngomeni. Chombo hicho ni Uhuru, setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Kilipewa jina hilo kwa sababu kiliruka siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Nilikuwa nimesoma habari zake darasani, ugenini, kumbe mtu wa nyumbani kwetu aliona moshi wake.

Halafu akaniuliza: "Na wewe, huko wasoma nyota ipi?"

Nyumbani, ukisema unasoma nyota, watu hukuletea majina ya mama zao uwatazamie. Kuna elimu ya falaki na kuna ramli, na nimechoka kuzitenganisha. Ami hakuuliza hivyo. Aliuliza ipi, kama mtu anayejua kwamba ziko nyingi na kila moja ina njia yake.

Nikamwonyesha kusini, juu kidogo ya mikoko. "Si nyota, Ami. Ni lile wingu."

"Lile nalijua. Lisilonyesha."

Tangu utotoni alikuwa akiliona kila kaskazi inapoanza, halisogezwi na upepo. Nikamwambia ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi, mji wa nyota mamilioni kwa mamilioni, liko mbali kiasi cha miaka ya nuru 200,000, yaani nuru yake husafiri miaka hiyo yote kutufikia. Kisha nikamgeuza kaskazini, juu zaidi, nikamwomba atafute kitu kama alama ya pumzi kwenye kioo. Akakiona kabla sijamaliza kueleza. Macho ya Ami! Hiyo ni galaksi ya Andromeda. Al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, aliiandika katika kitabu chake mwaka 964 akaiita wingu dogo vilevile. Umbali wake ni miaka ya nuru milioni 2.5.

Saa ile, mwezi ule, yote mawili yanasimama juu ya mstari mmoja unaotoka kaskazini kwenda kusini. Watu wa Ulaya hawalioni la kusini maisha yao yote. Hapa Cape Town ninapoandika, la kaskazini hujikokota chini, karibu na upeo. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo sisi tumepewa yote mawili kwa pamoja, na watu wazima wengi wa mji wangu hawajaambiwa.

Ami akasimama. Akaegemeza mgongo kwenye mlingoti, mkono mmoja akaunyosha kusini, mwingine kaskazini, kama anayepima kitambaa. Kikombe cha kahawa kilikuwa bado kimo kidoleni, kinaning'inia. Akakaa vile muda mrefu, anageuza shingo huku, anageuza kule. Nilisikia kaa wanatembea topeni.

"Bahari hupimwa kwa bildi," akasema, yaani ile kamba yenye uzito ya kupimia kina. "Mkanda hupimwa kwa upondo. Haya mulipimaye?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Pale nilibabaika. Mwishowe nikaona kwa mbali nje taa moja ya wavuvi, nikaanza nayo.

Ukiona taa hafifu baharini usiku, nikamwambia, hujui kama ni kibatari kilicho karibu au karabai iliyo mbali. Ukijua hakika kwamba ni karabai, unajua nguvu yake, basi uhafifu wake unakwambia umbali. Taabu yetu ilikuwa kujua ipi ni karabai. Ziko nyota zinazopumua: zinavimba na kunywea, mwanga unapanda na kushuka, kwa mpango usiobadilika. Mawingu ya kusini, lile dogo na mwenzake mkubwa, yalipigwa picha juu ya vioo kule Arequipa, Peru, na vioo vikapelekwa Harvard, Marekani. Huko alikuwako mwanamke mmoja, Henrietta Leavitt, masikio yake mazito, analipwa senti 30 kwa saa kutazama vioo hivyo. Mwaka 1908 aliorodhesha nyota 1,777 zinazobadilika katika mawingu mawili. Mwaka 1912 alichukua 25 za Wingu Dogo akaonyesha kwamba nyota inayopumua polepole ndiyo yenye nuru kubwa zaidi. Zote zimo katika wingu moja, umbali wao ni kama mmoja, kwa hiyo kuzilinganisha ni haki, kama karabai za mashua zilizotia nanga pamoja.

"Basi ukihesabu pumzi, umeijua taa," Ami akasema.

"Naam."

"Na ya kaskazini?"

Nikamwambia kwamba mwaka 1923 Edwin Hubble, mwanafalaki wa Marekani, aliona nyota ya namna hiyo hiyo ndani ya Andromeda, akahesabu pumzi zake, inachukua siku 31 hivi, akajua kwamba Andromeda haimo katika galaksi yetu. Iko nje kabisa, ni mji mwingine. Kipimo chake kilikuwa kifupi mno, kikaja kurekebishwa na wengine, lakini njia ilikuwa ile.

Ami akautikisa mkono wa kusini, kisha wa kaskazini. "Bildi ilifungwa huku, ikatupwa kule." Akaishusha mikono. "Na yule bibi alifurahi?"

Leavitt alikuwa amekwisha kufa, 1921. Baadaye ndipo nilipoisoma tarehe yake: 12 Desemba. Usiku ule sikuijua, na sijui ningesema nini kama ningeijua.

"Nionyeshe moya," akasema, "niione kwa mato yangu."

Za mawinguni hazionekani kwa macho. Lakini iko moja iliyo karibu, Delta Cephei, kiasi cha miaka ya nuru 900. Saa ile ilikuwa chini kaskazini-magharibi. Nikamwelekeza pembe ndogo ya nyota tatu, nikamwambia: mbili hizi hazibadiliki, hii ya tatu huipita moja, halafu hushuka ikawa chini ya zote mbili. Inarudia kila siku 5 na saa 9 hivi. Akaitazama hadi ikapotea nyuma ya mikoko. Nami nikalala.

Saa nane kasorobo chombo kilitikisika. Tulisukuma kwa upondo, tukapita, tukafika Lamu alfajiri. Mizigo ikashushwa, nazi zikauzwa.

Siku zilizofuata nilikuwa naamka na nia ya kuandika tarehe kwenye ile barua, nikailaza tena. Tarehe 23 Ami akaniita darini kwake baada ya Isha. Mbalamwezi ilikuwa imeshaanza kuiharibu mbingu. Akawasha tochi akaielekeza ukutani. Juu ya chokaa alikuwa amechora kwa mkaa, kila usiku pembe tatu za vidoa: kidoa kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, vya usiku mmoja vimefutwa kwa kiganja kwa sababu ya mawingu. Usiku kumi na mbili. Mkono mzito wa nahodha, na vidoa vyenyewe vimewekwa kwa uangalifu kama anayetia dawa jichoni.

"Kumi na moya kasoro," akasema. "Imepumua mara mbili."

Nilipiga hesabu kichwani. Duru mbili ni siku 10 na saa 18. Sikuweza kusema. Alikuwa ameipata bila saa, bila darubini, amesimama pale na harufu ya sifa mikononi.

Ufadhili mwingine ulipatikana mwezi wa tatu. Mama alikuwa ameshauza mkufu kabla ya hapo, kwa hiyo huenda ni mkufu ulionirudisha, huenda ni woga wangu wa kuonekana nimeshindwa. Mara nyingine nasema ni ukuta ule, mara nyingine naogopa kuubebesha mzigo usio wake. Tangu hapo nimefanya kazi na darubini kubwa ya Sutherland, hapa Afrika Kusini, yenye vioo 91 vilivyounganishwa kuwa kimoja, na miaka yangu karibu yote imekwenda kupima kina cha lile wingu lisilonyesha. Ni refu kuelekea kwetu, kama chombo unachokitazama kwa upande wa omo: unaona upana wake tu, urefu umejificha.

Kabla ya Maulidi ya 2005 dari lilipakwa chokaa upya. Hakuna aliyekumbuka kupiga picha.

Binti yangu alisikiliza yote, kisha akauliza kama nilimwambia Ami kwamba nilikuwa nimekuja kuacha.

Nikamwambia hapana. Akauliza kama alijua.

Nikamkumbusha kwamba sanduku alilibeba yeye.