Kulala hoteli ya bei nafuu na ryokan ukiwa na Kijapani kidogo

Ukitoka Kampala kwenda Japani na Kiswahili chako una bahati: irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o, karibu sawa na zetu. Kinachoponza ni urefu. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Mapokezi sema "Yoyaku shite imasu", yaani nimeweka nafasi, kisha jina. L hugeuka R, kwa hiyo Okello atasikia "Okero". Toa pasipoti, watainakili.

Ukiambiwa chumba kitakuwa tayari "san-ji", namba ni tatu lakini saa ni 9 alasiri. Usiihesabu kwa saa zetu, utafika mapema mno.

Kwenye ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, viatu hubaki mlangoni. Ndara nazo huvuliwa kabla ya kukanyaga tatami (mikeka ya sakafuni), na chooni kuna ndara zake, usitoke nazo. Yukata, vazi jepesi kama kanzu, hufungwa upande wa kushoto juu ya wa kulia, maana kinyume chake huvikwa maiti. Bafuni keti kwenye kigoda, jisugue, suuza povu lote, ndipo uingie majini. Kitaulo kisiguse maji hayo.

Plagi yetu ya miguu 3 haiingii kule. Beba adapta ya pini 2 bapa, na chaja inayokubali volti 100.