Shule ya lugha mbili Montréal: tulicholipia na tulichokipata

Januari 2018, ndani ya basi linalopita karibu na metro ya Plamondon, hapa Montréal, Kanada, kadi ya nauli ya binti yangu iligoma kusomeka. Dereva akamuuliza kitu kwa Kifaransa. Binti, miaka 12, mwaka wake wa pili katika shule binafsi ya lugha mbili ambayo ada yake ilikuwa inameza karibu mshahara wangu wote, akainamisha kichwa. Mdogo wake wa miaka 8, anayesoma shule ya umma bila malipo, akachomoka nyuma yangu akamjibu dereva harakaharaka, Kifaransa cha mtaani kabisa. Dereva akacheka, akatuonyesha kwa mkono tupite. Binti aligeukia dirishani mpaka tukashuka.

Siku ile nilijua kuna kitu hatukukielewa tulipochagua shule.

Kila mwaka napata ujumbe kutoka Dar, Arusha, hata Nairobi: "Dada, tumepata nafasi Montréal, watoto tuwapeleke wapi?" Swali linalofuata huwa lile lile: Kiingereza kipo? Siwezi kumlaumu anayeuliza. Mimi nilisoma Muheza, darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza nikakuta biolojia, jiografia na hesabu vyote vimegeuka Kiingereza. Mwaka ule nilikariri madaftari mazima bila kujua nilichokariri. Aliyepita njia hiyo akija kupata mtoto na senti mbili tatu, kitu cha kwanza anachotafuta ni shule ya mchepuo wa Kiingereza. Woga huo tunapanda nao ndege.

Tulifika Agosti 2013, mume wangu akiwa mwanafunzi wa uzamivu. Kwa kuwa tulikuwa wageni wa muda, watoto walipewa kibali cha muda cha kusoma shule ya umma ya Kiingereza. (Wanaokuja sasa wajue kwamba tangu Sheria ya 96 ya mwaka 2022, sheria ya jimbo ya kulinda Kifaransa, kibali hicho kina kikomo cha miaka mitatu.) Binti akaingia darasa la tatu, mdogo wake akafuata baadaye, nasi tukatulia. Mwaka 2016 tukapata ukaazi wa kudumu. Tukafurahi, tukapika pilau, tukaita watu. Barua ya shule ikaja kutuambia kwamba watoto wetu sasa ni wakaazi wa Québec, jimbo lenye Montréal, na mtoto wa mkaazi anasoma kwa Kifaransa.

Hiyo ndiyo Sheria ya 101, ya mwaka 1977. Mtoto wa mhamiaji anasoma kwa Kifaransa, msingi na sekondari, katika shule za umma na zile za binafsi zinazopewa ruzuku na serikali ya jimbo. Kiingereza ni haki ya mtoto mwenye cheti maalumu, na cheti hicho kwa kawaida anakipata ambaye mzazi wake ni raia wa Kanada aliyesoma sehemu kubwa ya shule ya msingi kwa Kiingereza humu humu Kanada. Kiingereza ulichosomea Kibaha, Makerere au Nairobi hakihesabiki. Hata shule binafsi yenye majina makubwa inabanwa. Chukua Villa Maria, shule ya tangu 1854, ambayo jengo lake liliwahi kuwa makazi ya gavana mkuu. Miaka ile ilikuwa na upande wa Kifaransa na upande wa Kiingereza ndani ya uzio mmoja, lakini mtoto asiye na cheti mlango wake ulikuwa ule wa Kifaransa.

Upenyo uliobaki ni shule binafsi zisizopokea ruzuku. Hizo zinapokea mtoto yeyote, mradi ulipe. Na nyingi zinajiita za lugha mbili.

Tulikuwa na uwezo wa kumlipia mmoja tu. Binti alikuwa anaingia darasa la sita, na tuliona kumtupa kwenye Kifaransa mwaka mmoja kabla ya sekondari ni kumrudisha kwenye kidato cha kwanza changu. Basi yeye akaenda shule ya kulipia, dola 17,000 kwa mwaka, sare na safari za kimasomo pembeni. Mdogo wake akapelekwa shule ya umma ya jirani, kwenye darasa la mapokezi, ambalo ni la watoto waliofika bila Kifaransa. Namkumbuka akitoka siku ya kwanza na begi mgongoni, midomo imekauka, haongei. Nilijisikia mama mbaya. Nilikuwa nimefanya mmoja mtoto wa kulipia na mwingine mtoto wa bure.

Haki lazima niitoe: shule ya binti haikuwa mbaya. Darasa lilikuwa la watoto 16. Mwalimu wake wa hesabu alinipigia simu usiku mmoja kunieleza kwamba mtoto ameelewa sehemu na desimali, akanieleza na namna alivyoelewa. Aliandika Kiingereza ambacho mimi sijafika hadi leo. Lakini tulipolipa tuliambiwa lugha ni nusu kwa nusu. Nusu hiyo ilikuwa kwenye ratiba. Historia, sanaa na somo lenyewe la Kifaransa vilifundishwa kwa Kifaransa, kweli, na daftari lake lilijaa minyambuliko ya vitenzi imeandikwa kwa wino wa bluu, safi. Kengele ikilia, mwalimu akifunga kitabu, kila mtu anarudi Kiingereza: korido, chakula cha mchana, mazoezi ya mpira wa kikapu, sherehe za kuzaliwa. Hakuna rafiki hata mmoja aliyemlazimu kuongea Kifaransa. Kwa hiyo alikijua kama mimi nilivyojua Kiingereza kidato cha kwanza, cha karatasini. Mdomoni kilikuwa cha kuombea maji, na maji yenyewe angeomba kwa aibu.

Mdogo wake alikuwa na kisa kingine. Miezi miwili ya kwanza alikuwa bubu, alikojoa kitandani mara kadhaa, na mimi nililia bafuni. Darasani mwao kulikuwa na Msyria, Mfilipino, watoto wawili wa Kibengali na Mkolombia, na hakuna lugha nyingine ya kugombania mpira isipokuwa Kifaransa. Kufika Machi alikuwa ananisahihisha. Nilimuuliza kama amechoka, akanijibu "pantoute!", maana yake hata kidogo, neno ambalo mwalimu wangu wa darasa la Kifaransa la wahamiaji hakuwahi kutufundisha.

Jirani yetu wa ghorofa ya tatu ni mama wa Bukavu. Kifaransa amekijua tangu utotoni, Kiswahili chake kina ladha yake, na ndiye aliyenifungulia macho. Nilikuwa nikilalamika kwamba nalipa pesa zote hizi na mtoto hasemi. Akanisikiliza, akaweka kikombe chini. "Dada, mutoto anajifunzaka luga mu michezo. Haiko mu kitabu." Kisha akaniuliza jambo ambalo mkuu wa shule hakuwahi kuniuliza: binti yangu akigombana na mwenzake, wanagombana kwa lugha gani?

Kitu cha pili kilichonibadilisha ni kazi. Nahudumia wazee katika nyumba ya wazee mashariki ya jiji. Bibi mmoja, nikimwogesha, alikuwa ananisimulia ujana wake kiwandani, ambako wafanyakazi wote walikuwa Wafaransa wa Québec na msimamizi akitoa amri kwa Kiingereza tu, na asiyeelewa ndiye aliyeonekana mjinga. Nilikuwa naichukulia Sheria ya 101 kama ukuta waliotujengea sisi wageni. Nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe kabla yake watoto wengi wa wahamiaji walikuwa wanakwenda shule za Kiingereza, kwa sababu ile ile niliyokuwa nayo mimi, kwamba ndiko mkate uliko. Saint-Léonard, mwaka 1969, watu walifikia kupigana barabarani juu ya lugha ya shule, wenye asili ya Italia upande mmoja na Wafaransa upande mwingine. Mimi mtu wa nchi iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya shule ya msingi ya kila mtoto, nilipaswa kulielewa hilo mapema kuliko wote. Bado naona sheria inambana mtoto anayefika na miaka 15, hilo sitalificha. Ila chuki niliyokuwa nayo iliisha pale bafuni kwa yule bibi.

Mwaka 2019, binti akimaliza mwaka wa pili wa sekondari, tulikuwa tumelipa miaka mitatu. Wazazi wenzetu wakatunong'oneza kwamba sasa ndio wakati wa kuomba cheti cha Kiingereza. Njia hii ina historia ndefu: zamani mzazi alilipia shule isiyo na ruzuku mwaka mmoja tu, kisha akadai haki ya Kiingereza katika shule ya umma. Serikali ikaziba mwaka 2002, Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema 2009 kwamba kuziba kabisa hakukubaliki, na mwaka 2010 ikaja sheria ya kuhesabu alama: angalau miaka mitatu, na faili la familia linapimwa lenyewe. Tungeweza kuomba. Tulikaa mezani usiku, mimi, mume wangu na binti mwenyewe, na binti ndiye aliyesema, "Mama, mimi naogopa mji huu. Naogopa madukani." Miaka sita Montréal.

Tukamhamishia shule binafsi ya Kifaransa yenye ruzuku, ada kama dola 5,000, yenye Kiingereza cha ngazi ya juu kwa wanaokiweza. Imla yake ya kwanza alipata 48, na huku kufaulu ni 60. Alilia. Mwalimu alimketisha na msichana kutoka Haiti aliyependa kuongea mpaka anazuiwa, na naamini yule msichana alifanya kazi kuliko ada zote tulizowahi kulipa. Mtihani wa mwisho wa Kifaransa, 2022, alipata 71. Sasa yuko chuo kikuu na anafanya kazi ya Jumamosi kwenye duka la dawa, akihudumia wateja kwa lugha zote mbili.

Msifikiri lakini kwamba mdogo wake alipata kila kitu bure. Kiingereza chake cha kusoma kilibaki nyuma, ingawa shule za Kifaransa hufundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza, na yake ilikuwa na nusu mwaka wa Kiingereza mfululizo katika darasa la sita. Kiswahili ndicho kilichopata kipigo zaidi. Nilimkuta siku moja ameshika simu, bibi yake yuko Muheza anamwita, naye ananiangalia mimi nimtafsirie. Tangu hapo Jumamosi zote ni za Kiswahili kwa mama wa Bukavu, watoto wetu na wa Warundi wa ghorofa ya chini. Wanapika, wanagombana, wanacheza karata. Kiswahili anachoongea kijana wangu leo ni nusu Tanga nusu Kivu, na mama yangu anamcheka lakini wanaelewana.

Kwa hiyo anayeniuliza shule, namwambia aende kuitembelea saa ya mapumziko, si siku ya maonyesho. Asimame koridoni asikilize. Aulize sayansi inafundishwa kwa lugha gani na nani anaifundisha. Aulize kwa maandishi kama shule inapata ruzuku, kwa sababu hapo ndipo suala la cheti linapoanzia. Na kama mtoto ana chini ya miaka 10, mimi ningempeleka darasa la mapokezi la shule ya umma, nikaziweka zile dola 17,000 kwa ajili ya baadaye. Kwa aliyefika na miaka 14 au 15 sina jibu moja. Huyo shule ya lugha mbili yenye darasa dogo inaweza kumwokoa.

Kijana sasa yuko mwaka wa tano wa sekondari, na kinachofuata ni cégep, chuo cha miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Hapo kisheria anaruhusiwa kuomba hata cha Kiingereza, ila Sheria ya 96 imeweka kikomo cha nafasi, na wenye cheti wanatangulizwa. Dada yake anamshauri aombe cha Kiingereza. Yeye anataka cha Kifaransa, marafiki zake wote wanakwenda huko. Mwisho wa maombi ni tarehe 1 Machi. Baba yake na mimi tumekubaliana kutosema kitu mpaka atuulize.