Kamera ya Minnesota, umeme wa Magomeni

Dada yangu anayeishi Minnesota alipokuja likizo aliniachia kamera yake ndogo ya video ya HD, ile inayoenea kiganjani. "Ijaribu, ikikufaa ibaki kwako." Simu yangu si mbaya, kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja tu: hiki kidude kinanipa nini ambacho simu hainipi, nyumbani na safarini?

Nilianza na Bibi, Magomeni. Nilitaka kumrekodi akitaja majina ya wazee wetu, maana ni yeye pekee anayeyajua yote. Usiku nikamkalisha sebuleni chini ya taa ya tyubu, nikabonyeza. Kwenye kioo cha kamera ukuta ukawa unapwita, mwanga unapanda na kushuka. Nikamwonyesha, akacheka.

"Mjukuu wangu, mbona nawaka na kuzimika kama indiketa ya bodaboda?"

Nikadhani kamera mbovu. Kumbe ugomvi ulikuwa wa umeme. Wetu ni wa hezi 50, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na tyubu zenye balasti ya kizamani (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda kwa mapigo ya 60 kwa sekunde, kufuata umeme wa kule, basi kila picha inaikuta taa katika hali yake nyingine. Na hii yangu haina pa kuhamia 50. Nilihangaika na menyu karibu saa nzima mpaka nikapata pa kuweka kwa mkono kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha. Nikaweka 1/100 ya sekunde, ukuta ukatulia, ingawa picha ilififia. Asubuhi yake nikamwomba Bibi turudie, safari hii karibu na dirisha. Hapo hata maandishi ya kanga yake yalisomeka.

Alizungumza dakika 40 bila kupumzika. Hapo ndipo simu yangu ingepata moto na kujaa; kamera haikushtuka. Kwa ubora wa juu, megabiti 24 kwa sekunde, saa moja inakula karibu gigabaiti 11, kwa hiyo kadi ya 32 inatosha karibu saa tatu za kurekodi. Ila kamera hukata faili kila likifika gigabaiti 2. Nilipoyaburuta kwenye laptopu nikakuta vipande vinne, na nikivicheza kimoja baada ya kingine sauti inaruka, tena katikati ya jina la babu mzaa babu. Nilivifuta, nikahamisha upya kwa programu ya kamera yenyewe, inayoviunganisha. Bahati sikuwa nimefuta kadi.

Wiki iliyofuata nikapanda boti kwenda Unguja. Chaja inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo nilihitaji adapta ya plagi tu, zile bapa za Marekani haziingii kwenye soketi zetu. Juu ya sitaha upepo uliharibu kila neno. Mwenzangu anaonekana anaongea, kinachosikika ni ngurumo. Nilikata sponji ya kuoshea vyombo, mpya jamani, nikaibandika kwa plasta juu ya maikrofoni. Haikuponya, ilipunguza.

Raha yake niliiona Forodhani, jioni kabla ya jua kuzama. Vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, nami nimekaa mbali nakula muhogo, nawavuta kwa lenzi mpaka naona matone yakidondoka kwenye viwiko. Boksi limeandika mara 350, msiamini. Lenzi yenyewe huvuta mara 30, zaidi ya hapo ni kukuza chengachenga. Lakini hizo 30 ni za kweli, na mkono wangu unaotetemeka haukuonekana sana.

Jua lilipozama mambo yakageuka. Kihisi chake, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, ni kidogo mno. Moshi wa mishikaki na nyuso za wauzaji vikawa uji wa kijivu. Nikaiweka mfukoni, nikatoa simu. Simu ilishinda, na kwa mbali.

Kwa hiyo sasa natoka na zote mbili. Dada amepiga kuuliza kama nataka aniletee mpya. Nimemwambia aniletee betri ya pili, hii inakufa mapema, na Bibi bado hajamaliza upande wa mama.