Usijidhuru, Sisi Sote Tupo Hapa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikuwa na utulivu wa kuandika. Ule mjadala wetu wa bunduki, ulioanza na swali la kijana mmoja aliyetaka kujua kama Mkristo anaruhusiwa kumiliki silaha, umegeuka vita vya maandiko. Huyu analeta Luka 22, "asiye na upanga, na auze joho lake akanunue." Yule anamjibu kwa Mathayo 26, kwamba wote waushikao upanga wataangamia kwa upanga. Mara likaingia suala la kuwalazimisha vijana kupitia jeshini, na hapo hata waliokuwa kimya wakaamka. Nimesoma yote. Mengine yamenijenga. Mengine, nisiwafiche, yamenihuzunisha, na nitayafikia.

Nami siongei nikiwa pembeni. Tangu wezi waingie kwa jirani yetu wakamfunga kamba yeye na watoto wake, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Mlango ukilia tu nimeshakaa. Nikaanza kuulizia taratibu za kupata leseni ya bastola. Kwa hiyo sijaja kumhukumu mtu anayetaka kuilinda nyumba yake. Kutoka 22 inamwondolea hatia ya damu yule aliyemuua mwizi akivunja usiku, lakini jua likishachomoza hatia ipo. Torati inamtofautisha mtu aliyeshtuliwa gizani na mtu aliyepata nafasi ya kufikiri. Someni wenyewe, mimi sitakaa hapo.

Wala kwenye jeshi sitakaa sana. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi. Aliwaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Kornelio alishukiwa na Roho akiwa akida. Tena wapo ndugu ambao dhamiri zao haziwaruhusu kabisa kushika silaha, na hao tusiwaite waoga. Desmond Doss, Msabato wa Marekani, alikataa kubeba bunduki katika Vita vya Pili vya Dunia, akaenda vitani kama mhudumu wa majeruhi, na kule Okinawa akateremsha makumi ya wenzake kutoka kwenye genge huku risasi zikilia. Nani kati yetu atamwita huyo mwoga?

Ila kuna andiko moja la kukusanya jeshi ambalo hakuna aliyelitaja. Ni Kumbukumbu 20. Kabla ya vita wasimamizi walipaswa kusimama mbele ya watu na kuuliza. Nani amejenga nyumba mpya hajaiweka wakfu? Arudi. Nani amepanda mizabibu hajala matunda yake? Arudi. Nani ameposa hajaoa? Naye arudi. Mwisho wanauliza nani anaogopa, nani moyo wake umelegea, na huyo pia anaruhusiwa kwenda zake nyumbani. Hilo ndilo lililonikamata. Mtu aliulizwa habari za moyo wake kabla hajasimama na silaha. Sisi tumebishana wiki nzima juu ya sheria na haki, na hakuna aliyeuliza, huyu tunayetaka ashike bunduki, moyo wake ukoje?

Kwangu mimi swali hilo lililetwa na mke wangu. Nilipomwambia habari za leseni alinyamaza, kisha akasema, "Baba watoto, na ile miezi yako?" Hakuongeza neno.

Wengi wenu hamjui. Kuna kipindi nilikuwa nahubiri Jumapili, Jumatatu siwezi kuinuka kitandani. Naomba, mbingu ni shaba. Nawaombea wagonjwa wa watu, mimi mwenyewe naficha ugonjwa wangu. Zilikuwepo usiku ambazo uhai niliuona mzigo nisioutaka tena. Bwana alinitoa huko kwa mikono ya watu. Mke wangu. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akija kukaa nami tu, bila mahubiri. Na daktari, ndiyo, daktari, na dawa alizonipa nilimeza nikimshukuru Mungu. Lakini najua hivi: bastola ingekuwepo kabatini usiku mmoja ninaoufahamu, tafakari hizi angekuwa anawaandikia mtu mwingine.

Ndiyo maana nikaanza kutazama mambo ambayo sikuwahi kuyatazama. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Ukisikia hivyo unawaza majambazi. Zaidi ya nusu, watu 26,328, walijiua wenyewe. Na wengi hununua bunduki wakimfikiria adui wa nje.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu mmeshaandika: mtu akiamua kufa hazuiwi na kukosa bunduki, atatafuta njia nyingine. Hebu sikilizeni habari ya jeshi la Israeli. Kule vijana hulazimika kwenda jeshini, na zamani walirudi nyumbani mwisho wa juma na bunduki zao. Mwaka 2006 jeshi likaagiza silaha zibaki kambini. Vijana waliojiua wakapungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu huo ulikuwa hasa wa siku za mwisho wa juma. Siku nyingine hali haikubadilika sana. Jeshi lile lile, vijana wale wale, na sidhani kama huzuni zao zilipungua. Ila ile saa mbaya ilipowajia nyumbani, bunduki haikuwa karibu, na saa ikapita. Hupita, wapendwa. Mimi ni shahidi.

Ndugu yetu mmoja alitoa mfano wa Uswisi, ambako askari hukaa nyumbani na bunduki zao za jeshi, na ambako mwaka 2013 wananchi walikataa kwa kura kufuta utumishi wa lazima. Ni kweli kabisa. Aongeze na hili, kwamba mwaka 2007 mamlaka za nchi hiyo hiyo ziliamua risasi za jeshi zisikae tena majumbani mwa askari walio wengi.

Sasa nije kwa Paulo na Sila, wakiwa wamefungwa gerezani kule Filipi, Matendo 16. Tumezoea kushangilia pale minyororo inapofunguka, kisha tunaruka mpaka ubatizo. Katikati yupo mtu mwenye upanga. Mlinzi wa gereza anaamka, anaona milango wazi, anafuta upanga akitaka kujiua. Upanga ule alikuwa nao kwa ajili ya kazi. Hakuna aliyemvamia, wafungwa wametulia tuli. Lakini mlinzi aliyepoteza wafungwa aliweza kulipa kwa uhai wake, kama walinzi wa Petro katika sura ya 12, ambao Herode aliamuru wauawe. Hofu na aibu vikamshika, na chuma kilikuwa kiunoni tayari.

Paulo yuko chumba cha ndani, gizani, mgongo umechanika kwa bakora. Angeweza kusema adui yetu anajimaliza, Bwana ametenda. Badala yake akapaza sauti: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa." Hakuanza kwa kumweleza kwamba kujiua ni dhambi. Hakumuuliza imani yake iko wapi. "Mwamini Bwana Yesu" ilikuja baadaye, taa ilipoletwa na yule mtu ameanguka akitetemeka.

Na hapa niwakemee, kwa upendo lakini niwakemee. Mlioandika kwamba anayejiua hana Mungu, na wewe uliyeandika kwamba vijana wa siku hizi ni laini, wapelekwe jeshini wakome kulialia, halafu mkaweka vicheko chini yake: mnajua nani alikuwa anasoma? Mnajua ni nani alikuwa amejifungia chumbani akisubiri aone watu wa Mungu watasema nini? Katika ushirika wetu wamo walinzi wa usiku, wamo polisi, wamo waliotoka jeshini na mambo waliyoyaona hawajamsimulia mtu. Tunawaombea wasipigwe na adui. Lini tumewauliza wanalalaje?

Paza sauti, mpendwa. Ukimwona mwenzako amebadilika, anagawa vitu vyake, anaongea kama anaaga, usimzunguke. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mfikishe kwa daktari. Na kama nyumbani ana silaha, msaidieni aikabidhi kwa mamlaka au kwa anayeruhusiwa kisheria kuitunza, mpaka kipindi kipite. Hiyo si aibu kwa mwanamume yeyote. Paulo alimpigia kelele mtu aliyemfunga miguu kwenye mkatale, sisi tunashindwa kumgusa bega ndugu tuliyeketi naye benchi moja?

Kwa habari ya leseni, nimeiweka kando. Tumefunga taa za nje, tumebadilisha kufuli, na jirani tumeelewana tupigiane simu. Atakayeona vingine, Mungu na amlinde, nyumba yake aijuaye ni yeye. Luka 22 na zile panga mbili tutaziangalia juma lijalo, tukipewa uzima, na tafadhali njooni mmesoma sura nzima.

Na kama wewe ndiye niliyekuwa nikimwandikia muda wote huu, namba yangu unayo. Piga hata saa nane za usiku. Mke wangu ameshakubali.