Nilivyomuuzia mama wa Kasulu Land Rover ya 1978

Gari yenyewe niliitoa Sikonge. Mzee mmoja mfanyabiashara wa asali alikuwa ameiegesha chini ya mwembe, nyasi zimeota hadi madirishani, na watu walikuwa wanamsumbua awauzie kama chuma chakavu. Nilimpa milioni sita. Ni Land Rover Series III, ile ndefu tuliyozoea kuiita 109 kwa sababu ya inchi zake kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Tulipoifikisha gereji hapa Tabora mjini na kung'oa sakafu, tulikuta nta imeganda kwenye kila pembe, na nyuki wakavu wamo ndani yake. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa kutoa ndoo za asali porini.

Mwaka mzima na nusu ulikwenda kwenye chesesi peke yake. Watu wengi wakiiona Land Rover wanatazama bodi, na bodi ni aluminiamu, haishiki kutu. Pale aluminiamu inapogusana na chuma italiwa na kuwa unga mweupe, lakini hilo unaliona kwa macho. Kinachoziua gari hizi ni chesesi. Ni chuma chenye uwazi ndani kama boksi refu. Maji na tope vinaingia humo na kukaa, kutu inaanzia ndani kuja nje. Kwa nje rangi inapendeza, ndani pamebaki wembamba wa karatasi. Fundi wangu alikata boriti yote ya nyuma, ile inayofungiwa ndoano ya kuvutia, akakata na mikono ya pembeni inayobeba bodi, akachomelea mipya. Alipomaliza akaniambia, "Sasa lete nta."

Nta Tabora haikosekani. Aliiyeyusha pamoja na oili kwenye sufuria kuukuu, akaimimina ingali moto kupitia matundu ya chesesi, huku tunainua gari kwa jeki upande huu na upande ule ili ienee. Siku tatu gereji ilinuka mzinga, hadi nyuki wakaanza kuja.

Injini ya lita 2.25 haikutusumbua sana. Kabureta, Zenith, ndiyo ilikuwa inavuta hewa kwa sababu kifuniko chake kimepinda; Fundi alilaza msasa juu ya kioo akakisugua taratibu hadi kikanyooka. Breki, springi, nyaya na viti sitavieleza, hivyo vilitaka pesa na subira tu. Kwa mujibu wa daftari langu, matengenezo yalikula milioni 13 na laki nne.

Sikuwa na mpango wa kuiuza. Binti yangu alipopata chuo, ada na malazi vikawa juu yangu, na kitu pekee nyumbani chenye thamani ya kueleweka kilikuwa pale uani kimefunikwa turubai.

Mpwa wangu ndiye aliyeniandikia tangazo la kwanza: "Defender inauzwa, Tabora." Simu haikupumzika. Kila aliyepiga aliulizia springi za koili na injini ya dizeli. Huku kwetu kila Land Rover ya zamani ni Defender, lakini jina hilo lilianza kutumika mwaka 1990, na Series III ilishaacha kutengenezwa tangu 1985. Yangu ina springi za majani, na lita moja ya petroli inakwenda kama kilomita sita. Nililifuta tangazo siku hiyo hiyo, maana kila aliyesafiri kuja kwa neno lile angeondoka akijua nimemdanganya.

La pili niliandika mwenyewe, usiku, daftari likiwa mbele yangu. Nilieleza kilichokatwa, kilichochomelewa na kilichobaki cha asili. Nikaweka picha 40, ya kwanza kabisa ikiwa ile chesesi iliyooza kabla haijakatwa. Chini nikaandika kasoro zilizobaki: tufe la chuma lililo nyuma ya gurudumu la mbele kushoto linavujisha oili, gia ya pili hulia asubuhi injini ikiwa ya baridi, geji ya mafuta haiaminiki ikishuka chini ya robo, mlango wa nyuma unaingiza vumbi. Dalali mmoja tunayefahamiana alinipigia: "Kaka, unajiharibia soko mwenyewe." Mimi niliona mtu anayetafuta gari ya aina hii lazima atakuja na fundi, na fundi ataziona tu. Nilitaka azikute zikiwa tayari zimo kwenye karatasi yangu.

Kijana mmoja alifika na milioni 18 taslimu. Alitaka kuitoa injini aweke ya Toyota na kuikata paa. Ni haki yake, gari ukishainunua ni yako, lakini nilimwambia wazi kwamba nitasubiri. Nilisubiri wiki saba, ada nayo inakaribia, na kuna siku mke wangu alinitazama tu bila kusema neno.

Ndipo akapiga mama mmoja kutoka Kasulu, muuguzi mstaafu. Hakuanza na bei. Aliuliza, "Mwanangu, ile mikono miwili, mwekundu na wa njano, ingali ipo?" Alikuwa anaulizia mikono ya gia iliyo sakafuni. Nikamwambia ipo mama, yote inafanya kazi. Jumamosi iliyofuata alishuka stendi na mkwe wake, ambaye ni fundi.

Mkwe hakutaka hata chai. Alitandika boksi chini, akaingia uvunguni na nyundo ndogo, akawa anaigonga chesesi kila baada ya shubiri moja huku ametega sikio. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Kiligongwa kote, kikalia kote. Mara akanyamaza. Akatoka na kitu cha kahawia kwenye kidole. "Mzee, hapa mmeziba na nini?" Nilijua anawaza puti. Nikamwambia anuse. Akanusa, akampa mama naye akanusa, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mkwe anacheka.

Tulikwama kwenye namba. Namba ya chesesi imegongwa kwenye ncha ya mbele kulia, karibu na springi, na mpiga rangi wangu alikuwa ameipaka rangi nzito hadi haisomeki. Sikuwa nimeliona hilo. Mkwe alininyamazia, na nilimwelewa. Gari isiyosomeka namba hata mimi ningeikimbia. Nilichukua tambara na tina, nikawa nafuta polepole, brashi ya waya nikaiacha ili nisije nikakwaruza. Mama alisimama pembeni ameshika kadi ya gari, akisoma kwa sauti kila tarakimu iliyojitokeza. Ilipooana ya mwisho nilikuwa nimelowa jasho.

Barabara ya kwenda bwawa la Igombe aliendesha mwenyewe. Tulipofika kwenye mchanga aliubonyeza mkono wa njano, ule unaoyapa nguvu magurudumu yote manne, kwa kiganja bila kuutazama, gari ikapita. Baadaye mkwe alijaribu kuutoa kwa kuuvuta juu. "Hautoki hivyo, baba. Rudisha huo mwekundu nyuma, halafu mbele." Akafanya hivyo, wa njano ukaruka wenyewe. Mama akatueleza kwamba miaka ya themanini alikuwa anakwenda vijijini na gari ya namna hii, sanduku la chanjo na barafu liko magotini, na dereva wa zahanati ndiye aliyemfundisha.

Nilitaka 26, akasema 22. Tukatoa gharama ya lile tufe linalovuja, tukakutana kwenye 23 na nusu. Mkataba tulisaini kwa wakili, pesa zikapita benki, na kadi sikuikabidhi hadi nilipohakikishiwa zimeingia. Umiliki tuliuhamisha TRA kabla gari haijaondoka Tabora. Sikutaka ivuke Malagarasi ikiwa bado na jina langu.

Wakati wanaondoka mama aliuliza kama nta imebaki. Nilimpakilia debe lililokuwa na nusu. Siku ya tatu simu ikalia kutoka Kasulu: wamefika salama, geji ya mafuta imewadanganya Uvinza kama nilivyoandika, na mkwe yuko uvunguni anauliza aanze kumimina kwenye tundu lipi.