Maji ya Bombom

Mwanzoni mwa 2009 nilimpelekea Guga, babu yangu, karatasi mbili kijijini, karibu na Mbale, Vihiga. Nilikuwa nimezichapisha saiba, kwenye duka la intaneti: habari za kifo cha Eric Wilson, afande Mwingereza aliyefariki Desemba 2008 akiwa na miaka 96. Kilichonivuta ni mstari mmoja, kwamba huko Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa naibu kamanda wa kikosi cha 11 cha Keya, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza. Guga alipigana katika kikosi hichohicho.

"Simkumbuki," akasema kabla sijamaliza. "Sisi tulijua wa kampuni yetu. Soma."

Nikasoma. Agosti 1940, Waitalia wanaivamia Somaliland ya Waingereza. Wilson, wakati huo kapteni, anasimamia bombom, yaani bunduki za rashasha, za Kikosi cha Ngamia juu ya kilima huko Tug Argan. Tarehe 11 anajeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto, makombora yanazing'oa bunduki mahali pake. Anazirudisha, anaendelea kupiga. Malaria nayo inamshika. Hakubanduka mpaka tarehe 15 jioni, adui alipowazidi nguvu. Wakubwa wakaamini ameuawa, na Oktoba wakamtunukia Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza vitani. Kumbe yu hai, mateka huko Eritrea, na habari za nishani yake alizisikia kwa mateka mwenzake!

Mimi saiba nilicheka peke yangu hadi watu wakageuka. Guga hakucheka.

"Bombom gani?"

"Vickers."

"Hiyo inakunywa maji." Akapanua viganja kunionyesha unene wa lile bomba linalofunika mtutu. Linameza kama lita 4, akasema. Ukipiga mfululizo, maji yanachemka na mvuke unatoka kama birika la chai. Usipoongeza mengine, mtutu unaharibika. "Siku tano juu ya kilima, nchi kavu ile, mwezi wa nane. Maji alichota nani?"

Nikarudi kwenye maelezo ya nishani. Yanasema baadhi ya wenzake nao walijeruhiwa. Jina hata moja halimo.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akaichukua karatasi, akaitazama ingawa Kiingereza hakukisoma, akanirudishia.

"Afande alikuwa mwanamume," akasema. Guga hakuwa mtu wa kuwasifu Wazungu hovyo, kwa hiyo nilijua anamaanisha. "Jicho bovu, homa, na hakushuka. Mpe haki yake. Lakini bombom haipigwi na mtu mmoja, na maji hayapandi kilima yenyewe."

Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuwataja wachota maji wa kampuni yake Burma. Mtiriki mmoja aliyeimba hata kwenye mvua. Wawili kutoka Bunyore, ndugu wa tumbo moja. Na Mkamba fulani ambaye, alisisitiza, bado ana deni lake la pakiti mbili za sigara.